Ubao Uliosomwa kwa Sauti

Wewe unayenisikiliza, vuta kiti ukae. Ninataka kukueleza habari za ubao, na kwa kawaida ubao husomwa na mtu aliyesimama, jua likimpiga kisogoni. Huu wetu utausikia umekaa kivulini.

Nianze na mahali, usije ukapotea njiani. Miaka ya tisini ilipokuwa inaanza, nilikuwa nimepanga chumba Migosi, mtaa mmoja wa mji wetu wa kando ya ziwa. Kila siku baada ya chakula cha mchana nilifunga mlango, nikavuka barabara ya lami iendayo Kakamega, nikapita wauza mitumba, halafu nikashika njia ya udongo mpaka nyumba zikaanza kubanana na mabati kugusana na mabati. Hapo ndipo Obunga. Pua ilifika kabla ya miguu, kwa sababu ya harufu ya mafuta ya kukaangia samaki.

Viwanda vya samaki havikuwa mbali. Mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, alichunwa minofu huko, minofu ikapelekwa ng'ambo, na kilichobaki kikaja kwetu kwa mikokoteni: kichwa, mkia, na mfupa wa katikati wenye nyama kidogo iliyokataa kuachia. Tulikiita mgongo wazi. Kikikaangwa vizuri kikakauka kwenye ncha, kikanyunyiziwa chumvi, kilikuwa kitoweo cha jioni cha watu wengi, na mimi nikiwamo.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha ngumbaru, yaani watu wazima ambao hawakupata nafasi ya kwenda shule walipokuwa wadogo. Tulisomea katika ukumbi mdogo wa kanisa, kuta za udongo, paa la mabati, madirisha ya mbao yasiyofungika vizuri. Tulianza saa tisa alasiri na kumaliza saa kumi na moja, kabla mikokoteni ya samaki haijaanza kuingia. Saa hizo zilichaguliwa na kina mama wenyewe. Wengi wa wanafunzi wangu walikuwa wakaangaji, na mkaangaji ambaye hayupo mkokoteni unapofika hubaki na mikia mitupu.

Wengi walisema Dholuo nyumbani, lakini darasani walikuwamo Waluhya kadhaa na Mkisii mmoja, kwa hiyo tulisoma Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili cha Mombasa. Ubao ulikuwa "hiyo ubao" na watoto walikuwa "hizo watoto", na hakuna aliyepotea njia kwa sababu hiyo. Nilirekebisha yale yaliyokuwa kwenye maandishi. Yaliyokuwa mdomoni niliyaacha yalivyo.

Ubao wenyewe ulianza kwa malalamiko. Kitabu tulichopewa kilikuwa na picha ya mkulima, na chini yake sentensi: mkulima ana jembe. Ukurasa uliofuata, mkulima ana jembe kubwa. Siku moja mama mmoja wa mgongo wazi, mwanamke mnene kiasi, mwenye alama za mafuta ya moto mkononi hadi kwenye kiwiko, alifunga kitabu chake akaniangalia.

"Mwalimu," akasema, "hii mtu kila siku iko na jembe tu. Italima lini?"

Darasa likacheka, na mzee mmoja akadakia, "Anangoja mvua, Mama. Usimharakishe."

Mzee huyo alikuwa amefanya kazi ya reli ujana wake wote, na sasa alikuwa mlinzi wa usiku katika ghala karibu na bandari. Alikuja darasani akiwa ameamka tu, macho mekundu, koti la reli likiwa limefungwa vifungo vyote hata siku za joto. Tulimwita Mzee wa Reli.

Niliporudi Migosi jioni ile nilifikiria maneno ya yule mama. Mtu mzima ana mambo yake mengi ya kujua. Mtoto atasoma habari za jembe kwa sababu ameambiwa asome. Mtu mzima atasoma kama kuna jambo linalomhusu. Kesho yake niliwauliza: ni habari gani mnazotaka kujua wiki hii? Walitaja nyingi hata nikakosa pa kuandika. Maji yatakatwa lini. Watoto watachanjwa wapi. Nani ameshinda mpira. Mbuzi mweusi aliyepotea ameonekana au la.

Mhindi mmoja mwenye duka la mbao alitupatia kipande cha plaiwudi kilichopasuka pembeni pamoja na rangi nyeusi iliyobaki chini ya mkebe. Tulikipigilia ukutani kwa nje, chini ya upenu, ili mvua ya jioni isikifikie. Kuanzia hapo, kila Jumatatu, tuliandika habari za wiki. Kila mwanafunzi alileta habari moja na kuiandika kwa sentensi yake mwenyewe. Kina mama walileta za ziwani kutoka kwa wavuta mikokoteni: mashua gani imerudi, mashindano ya mashua yatafanyika lini. Mzee wa Reli alileta za mjini, kwa sababu madereva wa manispaa walipita ghalani kwake asubuhi kuomba moto wa sigara. Mwanamume mmoja fundi baiskeli ndiye aliyekuwa mwandishi wetu wa michezo, na Jumatatu moja, Obunga walipofungwa na Migosi, alikataa katakata kuandika matokeo.

"Andika tu," Mama wa Mgongo Wazi akamwambia. "Migosi ndiko mwalimu anakaa. Atajua hata ukinyamaza."

Akaandika hivi: Mpira ulichezwa Jumapili. Akaweka nukta, akakaa.

Sasa nikueleze kidogo kuhusu huyu mama, maana ndiye jambo hili lilimgusa zaidi. Alikuja darasani akiwa hajui hata kushika kalamu. Aliniambia kwamba kwa miaka mingi alikuwa na ujanja wake. Akifika mahali penye maandishi, husimama kama anayesoma, huku akitega sikio mpaka mtu mwingine aseme. Siku ya kliniki alikuwa anaishika kadi ya mtoto karibu na uso, anakunja paji la uso, anatikisa kichwa.

"Na ukiulizwa?" nikamuuliza.

"Nasema nimeacha miwani nyumbani. Miwani yenyewe sijawahi kuwa nayo."

Baada ya mwaka na kitu alikuwa anasoma sentensi nzima, kidole kikitembea chini ya maneno. Alikuwa na shabaha moja tu: kufanya ule mtihani wa watu wazima na kupata cheti, akitundike ukutani juu ya meza, mahali ambapo kila anayeingia kwake atakiona kabla hajakaa. Alikuwa amekwisha kupigilia msumari. Ukienda kwake kula samaki, ungeuona msumari ule, mpya, hauna kitu.

Halafu akaja afisa wa elimu ya watu wazima. Alikuja kwa pikipiki, akavua kofia, akakaa nyuma ya darasa akasikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Tulipotoka nje alisimama nami chini ya upenu.

"Mwalimu, darasa lako ni zuri, lakini ni dogo," akasema. "Kule Mamboleo tuna chumba kizuri na watu wengi. Walimu sina. Nimeambiwa niwaunganishe."

"Mamboleo ni mbali, Bwana Afisa. Hawa wanangoja mikokoteni saa kumi na moja."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Nikionyesha kwamba hapa kuna watu wapya wanaotaka kusoma, nitakuwa na la kusema ofisini. Fanyeni siku ya wazi, mkaribishe watu waje waone mnavyosoma. Ijumaa wiki ijayo nitakuja. Nikikuta watu, vizuri. Nikiwakuta ninyi tu, sina la kuongeza."

Niliporudi ndani sikulazimika kueleza mengi, maana madirisha, kama nilivyokwambia, hayakufungika. Mama wa Mgongo Wazi alikuwa anapanga vitu vyake kwenye kikapu polepole. "Mamboleo," alisema. "Nikienda Mamboleo samaki itanunuliwa na nani?" Aliendelea, kama anayejisemea, "Basi ile msumari itatundikwa kalenda."

Tukaanza kupanga. Ijumaa ilitufaa, maana ungepanga jambo Jumamosi usingepata mtu. Jumamosi kwetu ni siku ya mazishi. Nusu ya mji huwa kwenye mabasi kuelekea nyumbani mashambani, na majeneza juu ya keria. Hilo tulilikumbuka. Tukapanga viti, tukapanga chai, tukapanga nani atasoma mbele ya wageni. Likabaki swali la kutangaza.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, la sivyo hutaelewa kwa nini watu wenye akili walifanya walivyofanya. Miezi michache kabla ya hapo, chifu alikuwa ameitisha baraza kuhusu usafi wa mitaro. Tuliandika ubaoni na pia tukaisambaza kwa mdomo. Habari ilitoka ukumbini ikiwa ya mitaro. Ilipofika kwa wauza nyanya ikawa kuna msaada unakuja. Ilipofika upande wa pili wa Obunga, karibu na reli, ikawa mahindi yatagawanywa. Watu walikuja barazani na magunia. Chifu akasimama, akawaeleza habari za mitaro, na watu wakageuka wakatutazama sisi wa ngumbaru. Kwa wiki nzima, Mama wa Mgongo Wazi akipita sokoni watu walimuuliza gunia lake limejaa mitaro kiasi gani.

Kwa hiyo safari hii Mzee wa Reli alisimama, akafunga kifungo cha juu cha koti.

"Mdomo imetuharibia," akasema. "Kwa reli, treni haiondoki kwa maneno ya mdomo. Inaondoka kwa karatasi. Hii siku ya wazi itaandikwa kwa ubao, na itakaa kwa ubao. Mtu akikuuliza, usieleze. Mwambie, nenda ukasome."

Wote wakakubali. Nami nikakubali, kwa kuwa lilisikika kama jambo la maana. Mama wa Mgongo Wazi ndiye aliyepewa heshima ya kuandika tangazo, juu kabisa, kwa herufi kubwa. Liliandikwa hivi: IJUMAA SAA TISA. NJOO UONE SISI TUNASOMA. NA WEWE UNAWEZA. CHAI IKO. Ile "chai iko" niliiacha kama alivyoiandika, kwa sababu ilikuwa yake. Chini yake zikafuata habari za wiki, kila moja na mwandiko wa mwenyewe: chanjo ya watoto Jumamosi asubuhi kwenye zahanati, maji kukatika Jumapili, mashindano ya mashua kusogezwa mbele kwa sababu gugu maji limeanza kuonekana kwenye ghuba na waendesha mashua wanataka kwanza kuona upepo utalipeleka wapi.

Wiki ile nilimwona mara kadhaa akiwa kwenye karai lake. Mteja akiuliza, "Mama, nasikia kwenu kuna kitu Ijumaa," alipindua samaki kwa uma mrefu bila kuinua macho, akasema, "Iko kwa ubao. Nenda ukasome." Alilisema kwa furaha ambayo sikuwa nimewahi kuiona usoni mwake. Nadhani nawe ungemwacha aliseme.

Ijumaa ikafika. Tulitoa viti vyote nje, tukaviweka kwa mistari mbele ya ukumbi. Kanisa lilituazima turubai, tukalifunga kwenye miti miwili na kona ya paa. Kina mama walivaa nguo za Jumapili. Mzee wa Reli alikuwa amepiga koti lake pasi mpaka likang'aa mgongoni. Chai ilikuwa tayari kwenye sufuria kubwa, imefunikwa.

Saa tisa ikafika na ikapita. Afisa akaja na pikipiki yake, akasalimia, akakaa kiti cha mbele. Nyuma yake viti vilikuwa vitupu. Watu walipita njiani, wakapunguza mwendo, wakatazama turubai, wakapita. Wengine walivua kofia. Sikuelewa kwa nini wanavua kofia.

"Tungoje kidogo," afisa akasema. Tukangoja. Mama wa Mgongo Wazi alikuwa amekaa na kitabu mapajani, mikono juu ya kitabu, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Ng'ambo ya njia, mbele kabisa ya ubao wetu, kulikuwa na mwanamke aliyeuza makaa. Alikuwa pale kila siku, kutoka asubuhi mpaka giza, na mikebe yake ya makaa imepangwa juu ya gunia lililotandazwa. Tulimwona akifuta mikono kwenye leso, akavuka njia, akaja mpaka kwa Mama wa Mgongo Wazi, akainama akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Nyaminwa," akamwita, dada yangu. "Pole sana. Nani ametuacha?"

Mama akamtazama. "Ametuacha wapi?"

"Naona viti. Naona turubai. Na chai." Akapunguza sauti. "Ni mtu wa kwenu ama ni wa kanisa?"

"Hakuna mtu amekufa, Mama. Hii ni siku ya wazi. Ya kusoma."

"Aa." Mama wa makaa akaachia mkono taratibu. Alikuwa amejitayarisha kulia, na sasa hakujua afanye nini na uso wake. "Mbona hamkusema?"

"Iko kwa ubao. Wiki mzima. Wewe unakaa mbele yake."

"Nilikuuliza siku ya Jumanne," mama wa makaa akasema. "Ukasema nenda ukasome." Halafu, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Leo nimeacha miwani nyumbani."

Nilimwona Mama wa Mgongo Wazi akisikia neno lile. Mdomo ulimfunguka kidogo. Kisha akageuka akawatazama watu wanaopita njiani na kofia mkononi, na viti vitupu, na ubao. Mzee wa Reli alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mzee," Mama akamwambia. "Sisi tumeita nani hapa?"

Mzee wa Reli akakuna kidevu. "Watu wanajua kusoma," akasema polepole.

Tulikuwa tumewaita kwa maandishi watu ambao tulitaka kuwafundisha kusoma maandishi. Watu kumi na kadhaa, wote isipokuwa mimi wakiwa wametoka pale pale walipokuwa hao tuliowaita, na hakuna hata mmoja aliyeliona. Nimelifikiria sana tangu siku hiyo. Mtu anapojifunza kusoma, kitu fulani hutokea ambacho walimu hatukisemi: ukuta wenye maandishi haurudi tena kuwa kama alivyouona zamani. Hawezi kuuona hivyo hata akijaribu. Na ukuta ule wa zamani ndio anaouona jirani yake bado.

Afisa alikuwa amesikia yote, lakini alijitia kufungua mkoba wake akitafuta kitu.

Mama wa Mgongo Wazi akainuka. Alimshika mama wa makaa kiwiko, akaenda naye mpaka chini ya upenu, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza. Akasoma. Hakusoma kama tulivyofanya mazoezi, kwa kujikaza na kutazama mbele. Alisoma kwa sauti ile anayoitumia kuwaita wateja mkokoteni unapokuwa umeingia, sauti inayofika mpaka kwa wauza nyanya. "Ijumaa. Saa tisa. Njoo uone sisi tunasoma. Na wewe unaweza. Chai iko."

"Chai ninaiona," mama wa makaa akasema, na mtu mmoja njiani akacheka.

Wapita njia wakasimama. Ni kawaida yetu kusimama panapotangazwa jambo, hasa ukiwa umekwisha kudhani kuna msiba na unataka kujua ni wa nani. Mama hakunyamaza. Alishuka mstari wa pili. "Watoto watachanjwa kesho. Jumamosi asubuhi. Zahanati."

"Kesho hii?" akauliza mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni. "Ya bure?"

"Imeandikwa chanjo, haijaandikwa pesa. Mstari inafuata: maji itakatika Jumapili."

"Jumapili yote?"

"Aliandika Mzee. Mzee, ni yote?"

Mzee wa Reli akanyanyuka, akaja karibu na ubao, akakohoa kidogo. "Yote," akasema. "Dereva aliniambia jaza kila kitu. Hata sufuria."

Walianza kuja kutoka kwenye vichochoro, kwanza wakiuliza nani amekufa, kisha wakiuliza maji yatarudi lini. Mwanamume mmoja akataka kujua habari za mashua, kwa kuwa ndugu yake alikuwa ameingia kwenye mashindano. Mama akaitafuta sentensi kwa kidole, akaipata, akaisoma, akakwama kwenye neno "ghuba", akalirudia mara mbili mpaka likakubali. Hakuna aliyecheka alipokwama. Wengine walikuwa wanatembeza midomo naye.

"Na mpira?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Fundi baiskeli, aliyekuwa amejificha nyuma ya nguzo ya turubai, akasema, "Mpira ulichezwa."

Basi hapo wakacheka wote, maana kila mtu alikuwa anajua Migosi walitufunga tena, na nikawaona wakianza kukaa kwenye viti. Sijui nani alikaa wa kwanza. Mtu akishakaa na kupewa kikombe, anakaa. Darasa likafanyika pale nje. Mzee wa Reli akaandika jina lake ubaoni kwa chaki, akamwomba mama wa makaa aje naye. Alikataa. Akaombwa tena. Akaja, akaifuta mikono kwa leso mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nikamshika mkono, tukaandika pamoja herufi ya kwanza ya jina lake. Vumbi la makaa likabaki kwenye chaki. Nilipotazama saa yangu mikokoteni ilikuwa imeanza kuingia, na kina mama wangu hawakuinuka mara moja. Wavuta mikokoteni ndio waliokuja mpaka kwenye turubai, wakauliza, nao pia, nani amekufa.

Afisa hakutoa ahadi. Alikunywa chai yake, akaandika mambo yake, akatuaga kwa adabu. Kwa wiki kadhaa hatukusikia neno. Mama alikuja kila siku, akasoma, akaenda kwenye samaki wake, na wala hakuniuliza. Halafu alasiri moja kijana wa ofisi alileta kwa baiskeli boksi la chaki, jipya, limefungwa. Darasa linalofungwa haliletewi chaki. Tulielewa.

Kuanzia hapo tulifuta ile kanuni ya nenda ukasome, tukaweka nyingine. Kila jioni, mikokoteni ikikaribia, mmoja wetu alisimama chini ya upenu akausoma ubao wote kwa sauti kuanzia juu. Wakati mwingine hata wale waliosoma shule walikuja kusikiliza, wakijifanya wanangoja samaki. Na wakati mwingine wowote wa siku, yeyote aliyejua kusoma, akisimama mbele ya ubao ule, alisoma kwa sauti, hata kama alikuwa anadhani yuko peke yake. Hakuna aliyemuuliza jirani kama anajua au hajui. Ungeweza kusimama pale na kopo lako la mafuta ya taa, ukatazama angani, na ukaondoka ukiwa umepata habari zote.

Mama wa Mgongo Wazi alifanya mtihani. Mara ya kwanza alishindwa, na sitakuficha kwamba aliacha kuja kwa muda. Mama wa makaa, ambaye sasa naye alikuwa mwanafunzi wetu, ndiye aliyemrudisha. Alimfuata mpaka kwenye karai akamwambia ubao una sentensi hawaielewi huko darasani, aje awasaidie. Mara ya pili alipita. Nilienda kwake siku cheti kilipofika. Kilikuwa kikubwa kuliko msumari ulivyotarajia, kikawa kinainamia upande mmoja, na kila aliyeingia alijaribu kukinyoosha. Alikuwa anawaacha.

Baadaye nilihamishwa kwenda wilaya nyingine. Niliporudi kuwatembelea, miaka ikiwa imepita, gugu maji lilikuwa limekwisha kufunika ghuba na kuondoka na kurudi tena, na ule ubao haukuwapo. Ukuta ulikuwa umejengwa upya kwa matofali na kubandikwa karatasi za matangazo moja juu ya nyingine. Chanjo, mkutano wa injili, chumba cha kupanga. Nilisimama kuzitazama. Karibu yangu palikuwa na mwanamume mtu mzima, mikono nyuma, anaangalia karatasi zile kwa utulivu mkubwa mno. Kabla sijafungua mdomo, msichana mmoja aliyekuwa amebeba ndoo akasimama kando yetu, akasoma ya chanjo yote kwa sauti, na ya mkutano, na ya chumba, akainua ndoo yake akaenda.

Kwa hiyo nakuomba jambo dogo tu. Ukipita mahali penye tangazo, na kuna mtu amesimama hapo anatazama, usimuulize kitu. Simama kando yake, lisome lote kwa sauti, polepole, kuanzia juu mpaka chini, kama unayejisomea mwenyewe. Ukimaliza, endelea na safari yako.